Uendelee Kulipia Kikundi cha Kupunguza Uzito au Ujitoe? Namna ya Kuamua

Watu wengi hujiuliza swali hili siku mbili: siku mizani imepanda, na siku ujumbe wa makato umeingia. Zote mbili ni siku mbaya za kuamua. Ya kwanza ina hasira, ya pili ina majuto, na uamuzi uliofanywa katika hali hizo haudumu. Mtu anajitoa leo, baada ya mwezi anajiandikisha upya, na katikati amelipa ada ya kujiunga mara ya pili.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaa kikundini kama miezi mitatu au zaidi. Aliyejiunga juzi bado hana cha kupima, amalize kwanza kipindi alichokilipia. Wewe uliyekaa, shika swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: kikundi hiki kinanifanya nifanye nini ambacho nikiwa peke yangu sifanyi? Mizani itaingia, fedha zitaingia, na mapenzi yako kwa wenzako yataingia pia. Yote hayo yapime kwa swali hilo.

Hatua ya 1: Jua tarehe ya makato, kisha panga siku ya kuamua

Fungua mkataba au ukurasa wa akaunti yako utafute mambo haya: makato yajayo ni lini, taarifa ya kujitoa inatakiwa siku ngapi kabla, kama unaweza kusimamisha uanachama kwa muda bila kuufuta, na kama ukiondoka kisha ukarudi utatozwa tena ada ya kujiunga. Hilo la kusimamisha kwa muda watu huliruka, nalo ndilo litakalokufaa sana huko mbele.

Uliza pia kuhusu waliofikia lengo. Weight Watchers na Slimming World, kampuni mbili kubwa zinazoendesha vikundi vya namna hii, kwa mfano, zimekuwa na utaratibu wa kuwaruhusu waliofikia uzito wao wa lengo kuhudhuria mikutano bila ada, maadamu hawajapanda kupita kiwango kilichowekwa. Kama umebakiza kilo mbili tatu kufika, hesabu yako ni tofauti kabisa na ya mtu mwenye safari ndefu, na huenda kujitoa sasa ni kuacha faida mlangoni.

Siku ya kuamua iwe wiki moja kabla ya mwisho wa kutoa taarifa. Iandike. Kabla ya siku hiyo huna ruhusa ya kujitoa wala kuongeza muda, unakusanya ushahidi tu.

Hatua ya 2: Tafuta bei halisi ya mkutano mmoja

Jumlisha ulichotumia kwa miezi mitatu iliyopita: ada, nauli, vitabu, programu ya simu kama inalipiwa peke yake, na vyakula au virutubisho ulivyonunua pale pale kikundini. Gawanya kwa idadi ya mikutano uliyohudhuria. Usihesabu iliyofanyika bila wewe.

Namba inayotoka huwashangaza wengi. Mwaka 2006 wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti kuhusu wanachama wa jimu nchini Marekani. Waliolipia kwa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, hivyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati wangeweza kununua tiketi za ziara kumi kwa dola 10 kila moja. Na kati ya siku ya mwisho ya kuhudhuria na siku ya kufuta uanachama ilipita wastani wa miezi 2.3 kamili ya kulipia mlango wasiouingia. Jimu si kikundi cha kupunguza uzito, lakini makato yanayojirudia yenyewe yanafanya kazi kwa namna ileile: kuendelea hakukutaki ufanye lolote, kuacha kunakutaka uchukue hatua.

Ukishaipata bei yako, jiulize hivi: kama mlangoni kungekuwa na mtu anayedai kiasi hicho taslimu kila unapoingia, ungelipa? Jibu la kwanza linalokujia liandike. Usilitetee bado.

Hatua ya 3: Weka kando ulichokwisha kulipa

Maji yakimwagika hayazoleki. Ada ya mwaka jana haiwezi kuokolewa kwa ada ya mwaka huu. Kila mtu anakubali hivyo kwa mdomo, lakini kwa vitendo tunashindwa. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio walilofanya kwa wanunuzi wa tiketi za msimu mzima wa tamthilia. Baadhi walipewa punguzo bila kutarajia, wengine walilipa bei kamili. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi, ingawa tamthilia zilikuwa zilezile. Katika nusu ya pili msukumo huo ulififia.

Kwa hiyo kulipa kunakusukuma kweli, hasa mwanzoni, na mtu anayekuambia "mimi nisipolipa siendi" hadanganyi. Chunguza kama msukumo huo bado upo kwako au umeshazoea makato kama unavyozoea kelele za barabarani.

Lipo deni lingine lisilo la fedha, nalo ni zito kuliko ada: shukrani. Hapa ndipo ulipopunguza kilo zako za kwanza. Kiongozi alikupigia makofi, wenzako walikusikiliza ulipokuwa huna wa kumwambia. Kuondoka kunaonekana kama utovu wa fadhila. Naliheshimu jambo hili na sitaki ulipuuze. Lakini shukrani hulipwa kwa neno na kwa uhusiano, na unaweza kuendelea kuwa rafiki wa mtu bila kukatwa ada kila mwezi.

Hatua ya 4: Linganisha wiki ulizokwenda na wiki ulizokosa

Hii ndiyo hatua yenye uzito, ipe jioni nzima. Chukua karatasi, igawe sehemu mbili. Upande mmoja wiki ulizohudhuria, upande wa pili ulizokosa kwa safari, ugonjwa, kazi au uvivu. Chini ya kila wiki andika mambo unayoweza kuyathibitisha: ulijipima? Uliandika ulichokula, au angalau ulipanga milo? Ulitembea au ulifanya mazoezi siku ngapi? Ulilalaje? Ulipoteleza, ilikuchukua siku ngapi kurudi kwenye mpango? Kumbukumbu za simu, daftari na hata picha zitakusaidia, maana kichwa peke yake hupendelea kukumbuka wiki nzuri.

Kisha tazama pande zote mbili bila kujionea huruma wala kujihukumu.

Ukikuta wiki ulizokosa zinafanana na ulizohudhuria, maana yake tabia zimeshakuwa zako. Kikundi kimekufundisha na umehitimu. Wapo wanaoendelea kulipa kwa hofu tu, wakiamini kwamba mkutano ndio unaoshikilia kila kitu, ilhali karatasi inaonyesha wanajishikilia wenyewe.

Ukikuta wiki ulizokosa zilianguka, hukujipima, milo ikavurugika, na kuteleza kwa siku moja kukawa kwa siku tano, basi unalipia kitu cha kweli. Usione haya. Kuna watu ambao miadi ya kila wiki mbele ya macho ya wenzao ndiyo inayowafanya wafuate mpango, na wakiijua hali yao wanaokoa fedha na afya kwa kuendelea. Kwa mtu wa namna hii ada hata ikiwa kubwa kidogo inaweza kuwa na thamani.

Ukikuta pande zote mbili ni tupu, unaenda mkutanoni lakini hakuna kinachobadilika kati ya mkutano mmoja na mwingine, unachonunua ni hisia ya kuwa umo njiani. Faraja hiyo si bure, na mara nyingine inachelewesha msaada unaouhitaji. Mtu husema "ninashughulikia" na kumbe shughuli ni kuhudhuria.

Hali ya nne naiweka peke yake. Kama siku moja au mbili kabla ya kupimwa unakaa na njaa, unaacha kunywa maji, unatumia dawa za kuharisha au unajitapisha, au kama ukitoka mkutanoni kwa aibu unakula mpaka unaumia, usisubiri siku ya kuamua. Simamisha leo na umwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Hapo suala la ada limekwisha, linalofuata ni tiba.

Hatua ya 5: Isome mizani kwa uaminifu

Uzito wa mwili hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji, chumvi, choo na mzunguko wa hedhi. Namba moja ya siku moja haina neno. Chora mstari wa vipimo vya miezi mitatu utazame unaelekea wapi.

Ukikuta umesimama, usikimbilie kulaumu kikundi. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko awali, na njaa nayo huongezeka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa homoni zinazohusika na njaa zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya mwanzo mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Ndiyo maana wengi hupungua vizuri miezi ya mwanzo kisha wakasimama. Na kusimama ni matokeo. Aliyepungua kilo saba na kukaa hapo mwaka mzima amefanya kazi ngumu kuliko aliyepungua kumi na kuzirudisha.

Jilinganishe na wastani ulio wa kweli badala ya picha za kabla na baada. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017 uliwagawa watu zaidi ya 1,200 kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa ushauri mfupi na kijitabu cha kujisaidia, wengine wakalipiwa wiki 12 za Weight Watchers, wengine wiki 52. Baada ya mwaka mmoja, wa kijitabu walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.26, wa wiki 12 kilo 4.75, na wa wiki 52 kilo 6.76. Baada ya miaka miwili namba zilikuwa 2.30, 3.03 na 4.29.

Namba hizi zina mengi ya kumwambia anayeamua. Kikundi kinasaidia, na muda mrefu unasaidia zaidi. Lakini ukihesabu kwa wiki, za mwanzo zilileta zaidi: wiki 12 zilileta kama kilo moja na nusu juu ya kijitabu, na wiki 40 za nyongeza zikaleta kama kilo mbili tu juu ya hapo. Na kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, katika makundi yote uzito ulianza kurudi kidogo. Nionavyo mimi, miezi ya mwanzo unalipia kupungua, na miezi inayofuata unalipia kutorudisha. Mtu akilijua hilo hatakasirika kwamba mwezi wa tisa haufanani na wa pili. Kumbuka pia kwamba wale walilipiwa. Wewe unatoa mfukoni mwako, na una haki ya kudai zaidi.

Usisahau vipimo visivyo vya mizani: shinikizo la damu, sukari, kiuno, ngazi unazopanda bila kuhema. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 tu ya uzito wa mwanzo mara nyingi kunatosha kuboresha sukari na shinikizo. Kama daktari wako anaona vipimo vizuri, kikundi kinafanya kazi hata kama nguo ni zilezile.

Hatua ya 6: Kipime kikundi chenyewe

Kiongozi anajibu unapouliza, au anakurudishia kauli za kitabuni? Aliyepanda uzito anasaidiwa kutafuta sababu, au anaaibishwa mbele ya wenzake? Sehemu gani ya mkutano inatumika kuuza bidhaa? Kikundi kinachokuahidi kiasi maalumu cha kilo kwa wiki, kinachokukataza kumwambia daktari wako unachokula, au kinachokuambia uache dawa ulizoandikiwa, ondoka bila kumaliza mwongozo huu. Na kama unatumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, kupungua kwenyewe kunaweza kulazimu dozi ibadilishwe, kwa hiyo daktari ajue tangu mwanzo.

Kama tatizo ni mkutano wenyewe, badilisha saa au kiongozi kabla ya kubadilisha kila kitu. Ada ileile, chumba kingine, na mara nyingi watu hukuta walichokuwa wamekikosa.

Pima pia njia nyingine kwa swali lilelile la mwanzo. TOPS, shirika lisilo la faida lililoanza Marekani mwaka 1948, lina mikutano ya kila wiki kwa ada ndogo. Overeaters Anonymous, lililoanza mwaka 1960, halitozi ada, ila ujue lengo lake ni watu wenye kula kusikozuilika, na halikupangii mlo. Rafiki mmoja mwaminifu mnayepimana naye kila wiki anaweza kutosha. Mtaalamu wa lishe anagharimu zaidi kwa kikao kimoja lakini vikao vichache vinaweza kutosha. Na kama uzito wako umeshaleta maradhi, muulize daktari kuhusu dawa na upasuaji. Hizo ni tiba, na kuzihitaji si kushindwa.

Hatua ya 7: Fanya jaribio la wiki nne

Kama karatasi haijakupa jibu, simamisha uanachama kwa muda, au kama hairuhusiwi, endelea kulipa lakini usiende kwa wiki nne. Najua inauma kulipia usichokitumia, lakini mwezi mmoja wa namna hiyo ni nafuu kuliko mwaka wa kubahatisha. Saa ileile ya mkutano, jipime nyumbani, andika, panga milo ya wiki, fanya matembezi. Mwisho wa wiki nne tazama yale mambo ya hatua ya nne. Kama ulifanya robo tatu ya yale uliyokuwa ukifanya ukiwa kikundini, unaweza kusimama. Kama wiki ya tatu hukugusa daftari, umeshajibiwa.

Usipime jaribio hili kwa kilo. Wiki nne ni chache mno.

Hatua ya 8: Amua, na uutekeleze uamuzi siku hiyohiyo

Ukibaki, baki kwa muda unaojulikana. Andika unabaki kwa ajili ya nini, kwa mfano "kujipima kila wiki na kurudi haraka nikiteleza", na uweke tarehe ya kurudia hesabu baada ya miezi mitatu. Kisha utumie unacholipia: uliza maswali, fungua masomo, hudhuria.

Ukiondoka, ondoka kwa maandishi. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, na kuacha kwenda hakusitishi pia. Pakua kwanza kumbukumbu zako za uzito na milo, kisha tuma ujumbe mfupi kama huu:

"Habari za kazi. Naomba kusitisha uanachama wangu namba ___ kuanzia tarehe ___. Naomba makato yoyote yasifanyike baada ya tarehe hiyo. Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi. Asanteni."

Hifadhi uthibitisho, na uangalie akaunti yako mwezi unaofuata na ule wa pili. Kiongozi wako mwandikie mwenyewe, tofauti na ujumbe wa ofisi. Mwambie kilichokusaidia kwa jina lake: ushauri fulani, siku fulani alipokusikiliza. Huna haja ya kutoa sababu ndefu, na akikuomba ubaki, "nashukuru, nimeshaamua" inatosha.

Kisha panga maisha ya baada ya kikundi kabla wiki ya kwanza haijapita. Nchini Marekani kuna rejista iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo mwaka mmoja au zaidi. Karibu nusu yao walipungua wenyewe bila programu yoyote, na watatu kati ya wanne hujipima angalau mara moja kwa wiki. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza kuihamishia nyumbani: siku ileile, saa ileile, mizani ileile.

Weka na mpaka wako. Mimi hupendekeza kilo mbili juu ya uzito uliotoka nao, zikidumu wiki tatu mfululizo. Ukivuka, rudi kwenye daftari la chakula kwa wiki mbili. Ikishindikana, mtafute yule rafiki au mtaalamu. Ikishindikana tena, rudi kikundini bila kuona haya, maana umeshajua unakwenda kununua nini. Chagua malipo ya kipindi kifupi, na kama mfumo unaruhusu, zima kujirudia kwa makato siku hiyohiyo unayojiandikisha, ili kipindi kikiisha ulazimike kuchagua upya.